Aliyekujua Ukiwa Mdogo

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umepunguza kukuonea. Mimi sijambo. Nimehamia chumba cha ghorofa ya pili, kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na huo ukuta nimeshauzoea kama ndugu. Bado niko stoo ya vipuri vya magari, mwaka wa tatu sasa. Mwambie mkazamjomba shuka alizonitumia zimefika zote, na mimi bado ninazo zote, asiniulize tena.

Najua utasema simu ipo, barua za nini. Mjomba, wewe kwenye simu ni redio, mtu anasikiliza tu. Mara ya mwisho nilifanikiwa kusema maneno matano, na matatu yalikuwa "haya, kwaheri, shikamoo."

Jambo lenyewe ni dogo. Ndani ya bahasha kuna fomu. Inatakiwa ijazwe kwa mkono na mtu aliyenijua kabla sijatimiza miaka kumi na miwili. Mama alituacha nikiwa na sita, wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo mtu huyo ni wewe. Ni fomu ya hospitali, ila inahusu na kazini kidogo. Mambo ya kawaida tu. Kila swali lina visanduku vinne: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara. Tia alama kimoja, kisha andika mfano kwenye mistari ya chini. Tafadhali usiipambe.

Na kama ripoti zangu za shule ya msingi bado zimo kwenye lile sanduku la bati, nitumie pamoja nayo.

Mpwa wako,
Cherehani

*

Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu Cherehani,

Marahaba, marahaba sana. Huku sote wazima ukiutoa mgongo, na mgongo wenyewe ni wa kazi, si wa umri, tuelewane. Mkazamjomba anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia aache kukuuliza, nawe ujibu.

Karakana imejaa hadi mlangoni. Nina makochi kumi na moja yaliyokwisha kuvuliwa vitambaa, yamebaki mifupa, na wenyewe hupita kila asubuhi kunijulia hali. Wengine wanadhani wanadai kazi yao. Si hivyo, ni heshima tu. Mwezi uliopita nilimtengenezea hakimu kiti. Nilikitia sponji tabaka tatu, springi nikazifunga mwenyewe kwa mkono. Hakimu alikaa saa tatu asubuhi, akaahirisha kesi nne mfululizo kwa sababu kiti kilimtia usingizi. Washtakiwa walikuja hapa kunishukuru, mmoja alilia.

Sasa hiyo fomu. Ulisema jambo dogo, lakini mimi si mtoto. Nilipoona neno "kazini" nikaelewa palepale. Watu wakitaka kumpandisha mtu cheo, kwanza huulizia kwao: huyu katoka nyumba gani, kalelewa na nani. Nikajisemea, wamekuja mahali penyewe. Niliosha mikono hadi gundi ikatoka, nikavaa shati jeupe, nikakaa mezani na kalamu mbili, moja ya akiba.

Waliuliza kama ulikuwa ukipoteza vitu. Nimeweka "kamwe", na mfano nimeandika: "Mtoto huyu hata jino lake la kwanza analo." Waliuliza kama ulikuwa ukiwakatiza watu maneno. "Kamwe. Alikuwa akingoja hata mbuzi amalize kulia." Waliuliza kama ulikuwa ukishindwa kutulia kwenye kiti. Hilo lilinikera kidogo, ila nimejibu kwa adabu: "Hii ni nyumba ya fundi viti. Hakuna aliyewahi kushindwa kukaa." Yote kumi na manane nimeyajibu kamwe, mstari umenyooka kama uzi. Nimegonga muhuri wa karakana kila ukurasa. Nimeongeza na karatasi moja ya sifa zako, imetiwa saini pia na jirani muuza dawa. Najua kahamia hapa mwaka jana tu, lakini nimemweleza ulivyokuwa, na ameridhika.

Ripoti za shule, pole sana, mchwa. Nao hawakuwa mchwa wa kawaida, walikuwa na vichwa kama maharage. Walikula sanduku zima.

Ukipata hicho cheo usisahau nani alikufungulia mlango.

Mjomba wako

*

Tarehe 28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa mkazamjomba, mwambie ninakula. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukueleza bila kucheka na bila kulia, nami bado sijaipata.

Fomu yako niliipeleka bila kuisoma. Kosa langu hilo. Kliniki yenyewe iko mwisho kabisa wa korido, unapita wanakofungia plasta, kuna benchi la chuma na namba za karatasi. Nimengoja siku hiyo miezi kumi na minne, Mjomba, tangu daktari wa kituo cha afya aniandikie rufaa. Basi nikaitwa. Daktari, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ndogo, akasoma ukurasa wa kwanza. Akavua miwani, akaniangalia, akaivaa, akasoma tena. Kisha akaniuliza: "Huyu aliyeandikwa hapa na wewe mmewahi kukutana?"

Nesi aliyekuwa pembeni aliomba aione. Alipofika kwenye mbuzi alitoka nje.

Sasa nikwambie yale niliyoyaficha. Hakuna cheo. Nimepewa barua mbili za onyo. Ya kwanza, nilipeleka breki za lori kwa mtu aliyeagiza vioo vya pikipiki. Ya pili, niliandika oda nzima ya wiki vizuri kabisa, nikaitia kwenye boksi, nikaifunga na kuisafirisha pamoja na mzigo. Ya tatu ndiyo ya kwaheri. Msimamizi wa stoo si mtu mbaya. Ameniambia nikimletea karatasi ya hospitali kabla ya mwisho wa Juni, atanitafutia sehemu nyingine. Nisipoleta, hana la kufanya.

Kile wanachokipima kina jina refu kama garimoshi: upungufu wa umakini na kutotulia. Si kichaa, si uvivu. Ni kichwa kinachoanza mambo kumi kisha kinasahau lipi lilitangulia. Na utaratibu wao ni kwamba lazima kiwe kimeanza utotoni. Mtu aliyekulea akisema hakikuwepo, jalada linafungwa, unarudi kituo cha afya, unaanza foleni upya. Nilimwomba sana daktari. Amenipa nakala ya pili ya fomu na tarehe ya mwisho, kumi na nane Juni. Imo humu.

Sikukueleza mapema kwa sababu niliogopa ungesema umenilea vibaya. Au, mbaya zaidi, ungesema umenilea vizuri.

Andika ukweli tu. Na unieleze vizuri habari ya hao mchwa, maana sanduku lile ni la bati.

Mpwa wako

*

Tarehe 14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, makochi kumi na mawili sasa. Mkazamjomba amepata miwani mipya na tangu hapo anaona vumbi mahali ambapo halikuwahi kuwepo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia daktari, mara ya pili nilimkasirikia nesi. Mtu kaketi, kaandika kwa wino mzuri, wanacheka. Mimi nimewahi kuandika barua kwa mkuu wa bandari juu ya kontena la vitambaa, akaiweka kwenye fremu ukutani. Ila basi.

Wewe ni mzima. Ulikuwa mchangamfu. Siku hizi mtu akichangamka kidogo anaambiwa akapimwe, akinyamaza kidogo anaambiwa akapimwe, watabaki wazima kina nani? Hata mimi shuleni sikutulia. Darasa la tano niliacha mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza yote waliyokuwa nayo. Mwalimu mkuu alinisindikiza hadi barabarani.

Na ujue jambo moja: hospitali wakishakuandika daftarini hufutiki. Hilo sikutanii.

Lakini kwa kuwa kazi yako iko hatarini, nimekubali tukutane nao katikati kama watu wa biashara. Wao wanataka "mara nyingi", mimi nilisema "kamwe", basi tuseme "mara chache" na kila mtu arudi kwake ameridhika. Nimejaza hivyo kwa penseli. Fomu bado iko kwangu, niambie kama bei hiyo inafaa.

Ripoti ziliharibika kwenye mafuriko. Maji yaliingia hadi kwenye vitanda. Kochi moja lilielea hadi kwa muuza dawa.

Mjomba wako

*

Tarehe 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Namsalimu mkazamjomba na miwani yake.

Februari mchwa walikula sanduku. Aprili mafuriko yakalichukua. Nauliza tu kama mpwa anayependa elimu: hao mchwa walikuwa wanaogelea, au walivaa maboya? Na muuza dawa aliyepelekewa kochi na maji, kahamia mwaka jana, mafuriko unayoyajua mimi na wewe yalikuwa nikiwa darasa la sita.

Bei haifai. Hospitali si sokoni. Kama nilikuwa naweza kutulia, niambie ni nani aliyenipa jina Cherehani, na kwa nini. Nakumbuka ulisema ni kwa sababu napiga kelele, natembea hapohapo, na nikiachwa peke yangu nashona vidole vya watu.

Sikiliza. Nina saa tatu za kuniamsha na nachelewa. Nina karatasi za kujikumbusha zimebandikwa hadi kwenye kioo, najiona kwa jicho moja tu. Wenzangu stoo wananipenda, lakini nikishika kalamu wanatazamana. Yote hayo ningeyabeba. Ila kuna moja silibebi tena. Nilipokuwa darasa la tatu ulinijia ukaniambia shule imenikataa, hainiwezi. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku ile najua kwamba sina akili, na kila ninachopoteza, kila boksi ninalokosea, najiambia, si unajua, hata shule walishasema. Miaka ishirini na mitano, Mjomba. Karatasi ya kazini ni sawa, naitaka. Lakini kitu ninachokitaka kweli ni mtu mmoja mwenye muhuri aniangalie aniambie kama ni kweli au si kweli.

Nisipomaliza tarehe kumi na nane Juni, ni miezi mingine kumi na minne, na sijui kama nitarudi kwenye lile benchi.

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Makochi kumi na matatu.

Barua yako ilifika zamani. Niliisoma, nikaiweka, nikaenda kupigilia misumari kiti ambacho hakikuhitaji misumari. Mkazamjomba akaisoma baada yangu. Aliingia chumbani, akaburuta lile sanduku la bati, akalitua juu ya meza yangu ya kazi, juu ya kitambaa cha mteja, akatoka. Kwa hiyo mchwa hawakuwahi kuwepo. Maji kweli yaliingia, lakini yaliishia kizingitini.

Fomu nimefuta penseli yote, nimeijaza upya kwa wino. Nimeandika kwamba kwa mwaka mmoja ulipoteza viatu vinne vya kushoto na cha kulia hukupoteza hata kimoja, na mpaka leo sijui mtu anafanyaje. Nimeandika kwamba nilikutuma uzi mweusi, duka liko hatua arobaini, ukarudi jioni na paka mchanga, uzi huna. Nikakutuma tena kesho yake, ukarudi na mama yake. Nimeandika habari ya mahameli ya mteja, mita mbili na nusu, uliyoikata ukajishonea mabawa, ukapanda paa la karakana kuyajaribu. Nikapanda kukufuata, wewe ukashuka, mimi nikashindwa, na waliokuja na ngazi walikuwa wanakuuliza wewe imekuwaje. Nimeandika kwamba hukuwahi kungoja swali liishe, na kwamba mara nyingi jibu lilikuwa sahihi. Mistari haikutosha, nimeongeza karatasi sita. Sikutia chumvi. Nilishangaa mwenyewe kuona haikuhitajika. Kweli yako ilikuwa kubwa kuliko uongo wangu.

Sasa la shule.

Mwalimu wako wa darasa la tatu, yule mwembamba aliyefunga miwani yake kwa waya, aliniandikia barua tatu. Ya kwanza alisema mtoto ana akili sana, ila akili yake inakimbia kuliko mkono wake, apelekwe kliniki akaangaliwe, asipigwe. Nilijifanya sikuielewa. Ya pili sikuifungua. Ya tatu iliniita mwenyewe. Nikaenda. Akanipa kiti, sikukaa. Alinieleza pole pole, na mwisho akaniuliza, kwa upole kabisa, hakuwa na ubaya: "Na wewe baba, ulipokuwa na umri wake, ulikuwaje?"

Mpwa wangu, mimi darasa la tano sikuacha. Nilitolewa. Walinisimamisha mbele ya wenzangu, mwalimu akasema kichwa hiki ni chekecheke, ukimimina kinapita, watoto wakacheka hadi kengele ya kutoka. Hakuna aliyenisindikiza barabarani. Yule mwalimu wako aliponiuliza, nikaisikia kengele ileile.

Nikakutoa darasani, nikakushika mkono, tukarudi nyumbani. Nilijisemea bora uwe na mjomba asiyejali kuliko uandikwe daftarini. Nikakuambia shule imekukataa. Shule haikukukataa. Ni mimi niliyekutoa.

Mwaka mzima ulikaa karakana unanipangia misumari kwa ukubwa wake. Wateja nikawaambia unajifunza ufundi. Mwaka uliofuata mkazamjomba alikushonea sare akakurudisha bila kuniuliza, nami sikuwa na uso wa kumzuia. Hilo neno nililokuambia nilidhani umelisahau. Mtoto aliyekuwa akisahau viatu, nikadhani na hilo atalisahau.

Barua zote tatu zimo ndani, pamoja na ripoti. Ya pili nimeifungua juzi. Bahasha nimemkabidhi dereva wa basi mkononi mwake, na nimemwambia ikipotea nisimwone.

Mjomba wako

*

Tarehe 8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mkazamjomba nimempigia simu mara mbili wiki hii, na mara zote mbili alinyamaza ili nimalize sentensi. Mwige.

Bahasha ilifika tarehe kumi na moja. Nilikukasirikia siku nne. Siku ya kwanza nilikasirika hadi nikapanga rafu nzima bila kosa hata moja, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Siku ya pili na ya tatu nilikuandikia barua mbili, na sitakutumia, wala usiulize zilisemaje. Siku ya nne nikasoma zile karatasi sita, nilipofika kwenye mama yake paka nikacheka mpaka mpangaji wa chini akagonga dari kwa ufagio. Lakini kicheko kisikudanganye. Kicheko nimekiweka huku, na ule mwaka nimeuweka kule, na bado sijajua niufanye nini. Nimewahi kuandika kwenye fomu za kazi kwamba nilirudia darasa kwa kushindwa. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu, mara nyingi.

Tarehe kumi na nane nilifika kliniki nikiwa nimewahi. Usicheke. Nilikosea saa, nikafika mapema zaidi ya saa moja. Kazi yenyewe ilichukua saa tatu. Maswali, namba za kurudia, michoro. Nesi alikuwa amesikia kwamba fomu ya mjomba wa mbuzi imerudi, akajipatia shughuli humohumo chumbani. Daktari alisoma karatasi zako, kisha akazipanga barua za mwalimu mezani, moja, mbili, tatu. Ya tatu aliisoma kwa sauti. Akasema: "Huyu mwalimu alishaimaliza kazi yangu miaka ishirini na mitano iliyopita. Mimi nagonga muhuri tu."

Ninacho, Mjomba. Jina lote refu, na mabehewa yake.

Akaniuliza kama nina swali. Nikamwuliza lile la akili. Hakunijibu kwa maneno yake. Aliigeuza barua ya kwanza ikanielekea, akaweka kidole pale palipoandikwa "mtoto ana akili sana", akakiacha hapo mpaka nilipomaliza kulia. Ilichukua muda, na watu walikuwa wanangoja nje.

Dawa wamenipa za wiki mbili, dirisha la dawa walisema nyingine hazijaingia, nipite tena. Nimeshapita mara mbili. Karatasi ya kazini nilimpelekea msimamizi siku tatu kabla ya mwezi kuisha. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema kumbe. Sasa niko dirisha la vitu vinavyorudishwa. Mteja akija amefura na kipuri kisicho chake, namwelewa haraka kuliko mtu yeyote, maana makosa yale mengi nayajua kwa majina. Tangu nianze hakuna aliyeondoka amekasirika, isipokuwa mmoja, na huyo alikuja hivyo.

Daktari aliniuliza kama huyu aliyeandika karatasi sita amewahi kuangaliwa. Nikamwambia ameangaliwa na wengi, ila hajapimwa na yeyote. Akasema kituo cha afya kipo kila mahali. Mimi nakufikishia tu. Foleni ni ndefu, na wewe hujui kungoja.

Mpwa wako

*

Tarehe 30 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mkazamjomba amesoma barua yako, akalia, akasema ni miwani.

Ule mwaka uache hapohapo ulipouweka. Usiharakishe. Usiusogeze kwa ajili yangu, na zile barua mbili ukitaka kuzituma zitume, nitazisoma zote, na ya pili nitaifungua siku hiyohiyo.

Nimekwenda. Nilimwambia mkazamjomba naenda kununua springi, akanipa daftari langu la kliniki mlangoni. Kituo cha afya nilikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Nikisema nilikaa nakusudia kwamba nilitoka nje mara sita, nikakaza miguu ya benchi iliyokuwa imelegea, na wagonjwa saba waliokuwepo sasa wanaijua habari ya kiti cha hakimu. Namba yangu iliitwa mara mbili nikiwa nje. Mara ya tatu mama mmoja mjamzito alinishika shati. Tabibu, kijana mdogo tu, akaniuliza nina tatizo gani. Nilifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakikutoka kisa. Nikasema sijui, mpwa wangu amesema nije. Akaandika rufaa.

Hospitali wamenipa tarehe ya mwaka kesho, Oktoba. Na wamenipa fomu.

Fomu yenyewe ni ileile, imo humu. Inataka mtu aliyenijua kabla sijatimiza miaka kumi na miwili. Nimewaza siku tatu. Wazazi walishatangulia. Aliyebaki alikuwa dada yangu, mama yako. Yeye ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza, na siku niliyotolewa ndiye niliyemkuta mlangoni, hakuniuliza kitu, alinipa maji. Nilirudi hospitali nikawaambia mtu huyo hayupo. Nesi wa huku akasema hata neno lililosikiwa kwa marehemu linakubalika, ili mradi liandikwe hivyo, kwamba lilisikiwa.

Ulikuwa na miaka sita alipoondoka, lakini alikuwa mtu wa kusimulia, na wewe ulikuwa mtu wa kukaa chini ya meza watu wanapozungumza. Kama aliwahi kusema lolote juu yangu nikiwa mdogo, hata moja, liandike kwenye hiyo mistari.

Usinisifu.

Mjomba wako